UZI MREFU: Je, China ni tishio kwa dunia? Mimi naangalia kinachompata mdogo siku akimkatalia

Wakuu salama,

Huu mjadala wa China kila ukianzishwa unaishia palepale. Kundi moja linasema Mchina ni mkombozi wa wanyonge, kaja kumshusha Mmarekani kwenye kiti, kundi la pili linasema Mchina anakuja kuimeza dunia nzima na kila mtu atakuwa kibarua wake, na humo katikati watu wanarushiana maneno weee mpaka uzi unafungwa, hakuna aliyetaja hata mwamba mmoja unaogombewa baharini wala mwaka mmoja. Mimi naomba niweke mawazo yangu kwa urefu kidogo, mvumilie.

Kipimo changu ni kimoja. Taifa kubwa silipimi kwa hotuba za viongozi wake wala kwa madaraja linayojenga, nalipima kwa kinachompata mdogo siku akilikatalia jambo. Rafiki wa kila mtu ni rahisi kuwa, wote tunacheka mambo yakienda sawa. Sasa mdogo aseme hapana halafu tuone.

Na hiki kipimo sijakitoa hewani. Julai 2010 kule Hanoi kwenye mkutano wa mawaziri wa mambo ya nje wa ASEAN, umoja wa nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, na washirika wao, nchi ndogo zilianza kulalamika kuhusu mambo ya baharini, waziri wa mambo ya nje wa China wakati ule Yang Jiechi akawaka, akasema China ni nchi kubwa na nchi nyingine ni ndogo na huo ndo ukweli wenyewe, huku anamkazia macho mwenzake wa Singapore. Huwa nikisikia mtu anahubiri kwamba Beijing inawatazama wote sawa nakumbuka hicho kikao.

Tuanze na jeshi maana ndo linawatisha wengi. Kwa hesabu za SIPRI, ile taasisi ya Stockholm inayofuatilia silaha, mwaka 2023 Marekani ilitumia karibu dola bilioni 916 kwa jeshi, China ikakadiriwa bilioni 296. Vichwa vya nyuklia mwanzoni mwa 2024 Mchina alikuwa navyo kama 500, wakati Marekani na Urusi kila mmoja ana zaidi ya 5,000 ukijumlisha na vile vya zamani vinavyosubiri kuvunjwa. Meli za kubeba ndege za kivita Mmarekani anazo 11, Mchina tatu, na ya kwanza kabisa, Liaoning, ni gamba la meli ya Kisovieti ambayo haikumaliziwa, akalinunua Ukraine, akalikokota mpaka kwake na kulimalizia mwenyewe. Kambi rasmi ya nje alifungua Djibouti 2017, na hapo hapo Djibouti wako Wamarekani, Wafaransa na Wajapani. Mmarekani ana kambi mamia dunia nzima.

Kwa hiyo mtu anayekwambia kesho asubuhi jeshi la China linatua kwenye pwani yako anakutisha bure. Uwezo huo hana, na hata angekuwa nao sioni angeutumia wapi mbali hivyo kwa faida gani. Ila msisahau upande wa pili, kwa idadi ya meli za kivita sasa hivi ameshampita Mmarekani, ana zaidi ya 370, na vile vichwa vya nyuklia vinaongezeka kwa kasi ambayo hatujaiona kwake tangu alipolipua bomu la kwanza Oktoba 1964. Mmarekani kazitawanya zake dunia nzima. Mchina zake karibu zote ziko nyumbani kwake, zimesogelea majirani. Hapo ndo pa kuangalia.

Halafu kuna hii kauli naikuta kila mahali eti Mchina hajawahi kuvamia mtu, hana historia hiyo. Wakuu, muulizeni Mvietnam. China iliitawala Vietnam ya kaskazini karibu miaka elfu moja, ikarudi tena mwaka 1407 enzi za wafalme wa Ming ikakaa miaka 20, na Februari 1979 Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati ule, akapeleka jeshi kuvuka mpaka "kuwafundisha somo" Wavietnam, wakapigana wiki kadhaa, watu kwa maelfu wakafa pande zote. India 1962 hivyo hivyo. Hata zile safari za meli za Zheng He, admirali wa enzi hizo za Ming, ambazo kila hotuba ya urafiki lazima zitajwe kama mfano wa amani, mwaka 1411 alipigana Ceylon, Sri Lanka ya leo, akamkamata mtawala wa pale akambeba mateka mpaka Nanjing. Sisemi Mchina ni mbaya kuliko wengine, Wazungu walichofanya katika hizo karne hakisemeki, nasema hakuna taifa lililoumbwa la amani. Ni dola kama dola nyingine, ikipata nguvu inazitumia kwa majirani kwanza.

NAENDELEA HAPA, BAHARINI

Hii ndo sehemu ninayotaka tukae nayo, maana tishio linaonekana kwa macho.

Kwenye Bahari ya Kusini ya China kuna mwamba wa matumbawe unaitwa Second Thomas, Wafilipino wanauita Ayungin. Uko kama kilomita 194 kutoka kisiwa cha Palawan cha Ufilipino, na kutoka kisiwa cha Hainan cha China ni zaidi ya kilomita 1,000. Juu ya huo mwamba mwaka 1999 Wafilipino waliipandisha makusudi meli yao mzee inaitwa Sierra Madre, meli ya tangu Vita ya Pili ya Dunia, ikakwama pale na ikabaki pale, imejaa kutu na matundu, na ndani yake wanakaa wanajeshi wachache tu wa Ufilipino kushika eneo. Chakula na maji wanaletewa kwa boti. Sasa kwa miaka hii ya karibuni walinzi wa pwani wa China wakawa wanazizuia hizo boti, wanazipiga kwa mizinga ya maji mpaka vioo vinapasuka na mabaharia wanaumia, na tarehe 17 Juni 2024 wakaja na boti ndogo, wameshika visu na mashoka, wakazitoboa boti za mpira za Wafilipino, wakachukua vitu, na baharia mmoja wa Ufilipino akakatika kidole gumba katika ile purukushani.

Yaani taifa la watu bilioni 1.4, la pili kwa uchumi duniani, lenye vyombo vinavyoenda upande wa mbali wa mwezi na kurudi na udongo, linapeleka watu na mashoka kuzuia chakula cha wanajeshi wachache wanaoishi kwenye chuma chakavu. Halafu Ufilipino ina mkataba wa ulinzi na Marekani wa tangu 1951, baharia yule angekufa badala ya kukatika kidole sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Na kisheria hili jambo lilishaamuliwa. Ufilipino ilienda kwenye usuluhishi chini ya mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, mkataba ambao China yenyewe iliuridhia 1996, na tarehe 12 Julai 2016 jopo la wasuluhishi la The Hague, Uholanzi, likasema ule mstari wa vipande tisa ambao China imechora kuzunguka karibu bahari hiyo yote hauna msingi wa kisheria pale unapodai haki za kihistoria. China ikasema uamuzi ni batili, haiutambui, basi. Wakati huo huo tangu mwishoni mwa 2013 ilikuwa inafukua mchanga na kuumwaga juu ya miamba, ikatengeneza visiwa vya kubuni zaidi ya hekta 1,200, na tatu kati ya hivyo, Fiery Cross, Subi na Mischief, vina njia za kurukia ndege za kama kilomita tatu kila kimoja. Septemba 2015 rais wa China Xi Jinping alisimama Ikulu ya Marekani kando ya Obama akasema China haina nia ya kuvifanya vya kijeshi. Leo vina rada, vina makombora, vina mabanda ya ndege za kivita.

Agosti 2025 karibu na mwamba mwingine unaogombewa, Scarborough, meli ya jeshi la wanamaji la China na meli ya walinzi wa pwani wa China ziligongana zenyewe kwa zenyewe zikiwa zinaifukuza meli ya Ufilipino, video ipo, pua ya ile ya walinzi wa pwani ikabondeka kabisa. Mimi hiyo video inanitisha kuliko gwaride lolote la makombora. Inaonyesha manahodha wanaendesha kwa kasi kiasi gani na karibu kiasi gani, kila siku, kwenye maji ambayo kosa la sekunde mbili linaweza kuleta vita.

SILAHA YA PILI NI SOKO

Hapa mtu anaweza kusema basi hayo ni ya majirani, sisi wengine yanatuhusu nini. Yanatuhusu, maana kuna silaha inayofika mbali kuliko meli.

Oktoba 2010 kamati ya Nobel iliyoko Oslo ikampa tuzo ya amani Liu Xiaobo, Mchina aliyekuwa gerezani kwa maandishi yake. Kamati ile haipokei amri ya serikali ya Norway, ila Beijing haikujali, uhusiano ukagandishwa miaka sita, samaki wa Norway wakawekewa vigingi bandarini, na uhusiano ulirudi Desemba 2016 baada ya Norway kusaini taarifa kwamba inaheshimu maslahi ya msingi ya China na haitaunga mkono jambo la kuyadhoofisha. Nchi tajiri yenye mafuta, na bado iliufyata.

Australia nayo Aprili 2020 iliomba uchunguzi huru wa chanzo cha korona. Ombi tu. Mwezi mmoja baadaye shayiri yake ikapigwa ushuru wa asilimia 80, ikafuata mvinyo mpaka asilimia 218, makaa ya mawe yakakaa melini nje ya bandari, kamba wa baharini wakazuiwa. Mkulima wa shayiri hajui hata virusi vinafananaje lakini yeye ndo akalipa. Ushuru wa shayiri uliondolewa 2023, wa mvinyo 2024. Na Lithuania, nchi ya watu wasiofika milioni tatu, Novemba 2021 iliruhusu ofisi ya uwakilishi yenye jina la Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, ifunguliwe mji mkuu wake Vilnius, mara bidhaa zao zikawa hazionekani tena kwenye mfumo wa forodha wa China, kama vile nchi yenyewe imefutwa, na kampuni za nchi nyingine za Ulaya zinazotumia vipuri vya Lithuania zikaanza kubanwa nazo.

Kubwa kuliko yote ni madini adimu. Haya ni madini kumi na saba yanayoingia kwenye sumaku za mota za magari ya umeme, kwenye simu, mitambo ya upepo, makombora, ndege za kivita. China inachimba sehemu kubwa ya yanayochimbwa duniani lakini hilo si tatizo sana, tatizo ni kuyasafisha, karibu asilimia 90 ya usafishaji uko kwake, kwa sababu ni kazi chafu yenye tindikali na maji ya sumu na nchi nyingine ziliiacha kwa hiari zao zikijua Mchina atafanya kwa bei poa. Japani ilionja 2010 baada ya boti ya uvuvi ya China kugongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa vya Senkaku ambavyo nchi zote mbili zinavidai, shehena zikasimama. Aprili 2025, mwezi ambao Trump alipandisha ushuru mpaka asilimia 145 na China ikajibu na 125, China iliweka leseni ya kuuza nje kwenye aina saba za hayo madini. Wiki chache tu viwanda vya magari Ulaya, Japani na Marekani vinalia sumaku zinaisha, Washington ikakaa mezani Geneva mwezi Mei. Ile ilikuwa mara ya kwanza naona Mmarekani anakabwa koo kwa namna aliyozoea kuwakaba wenzake.

Na hapa niwe mkweli, kosa la huu utegemezi si la China peke yake. Yeye alifanya kazi, akawekeza miaka thelathini, wenzake wakalala. Asilimia kama 30 ya bidhaa za viwandani duniani zinatoka kwake, paneli za sola ni zaidi ya asilimia 80 ya mnyororo mzima, na hizo paneli zimeshusha bei ya umeme wa jua mpaka nchi maskini zinaweza kununua, hiyo ni baraka kwa dunia, tuseme ukweli. Kama vile kutoa watu karibu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri tangu 1978, hakuna serikali nyingine imewahi kufanya kitu cha ukubwa huo. Ninayeandika haya namheshimu Mchina. Heshima hainizuii kuogopa duka moja kuwa na funguo za kila nyumba.

MAJIBU KWA WALIOCHANGIA

Mkuu mmoja kauliza, mbona unamwandama China, Marekani je? Swali halali kabisa na kipimo changu kinamhusu naye. Cuba ilikataa, imewekewa vikwazo tangu 1962, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limekuwa likipiga kura tangu 1992 kutaka viondolewe, nchi karibu zote zinakubali, Washington haisikii. Nicaragua ilienda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hukohuko The Hague, ikaishtaki Marekani, ikashinda 1986, Marekani ikakataa uamuzi na ikapiga kura ya turufu Baraza la Usalama. Ni kitu kilekile alichofanya China 2016. Iraq 2003 ilivamiwa kwa silaha ambazo hazikuwepo. Na ule mkataba wa bahari ambao Marekani inamhubiria China auheshimu, yenyewe mpaka leo haijauridhia. Kwa hesabu ya watu waliokufa tangu 1980, Mmarekani amemwaga damu nje ya mipaka yake kuliko Mchina mara nyingi sana, hakuna mjadala hapo.

Ila mkuu, hiyo haimsafishi wa pili. Mtu akikwambia simba kala watu kumi haimaanishi chui umfungulie mlango. Tena tofauti moja ninayoiona kubwa, wakati wa Iraq ndani ya Marekani kwenyewe watu kwa malaki waliingia barabarani, magazeti yakaandika, maseneta wakapinga, baadaye wakubwa wakahojiwa hadharani. Beijing ikikosea leo nani anasimama kusema? Machi 2018 ukomo wa mihula ya rais ulifutwa. Hong Kong iliyoahidiwa miaka 50 ya kujiendesha kuanzia 1997, sheria ya usalama ya Juni 2020 ikamaliza habari, magazeti yakafungwa na wanasiasa wakaingia jela. Jimbo la Xinjiang, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika Agosti 2022 kwamba yaliyofanyika kwa Wauighur, Waislamu wa huko, yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali isiyosikia kelele za ndani haina breki, na hilo linanihusu hata mimi niliye nje.

Mwingine kasema China inalipa kisasi cha karne ya fedheha, na ni haki yake. Naelewa hisia hiyo kuliko mnavyodhani. Waingereza walimpiga vita 1839 ili aendelee kununua kasumba, yaani afyuni, 1842 wakamsainisha mkataba wa Nanjing, akatoa Hong Kong, akafungua bandari tano na akalipa dola za fedha milioni 21. 1860 Waingereza na Wafaransa wakapora kasri la kiangazi la Beijing, kisha Waingereza wakalichoma. Halafu 1937 Wajapani wakaua raia kwa halaiki Nanjing, yale hata kuyaandika ni mazito. Taifa lililopita hapo lina kila sababu ya kuapa halitakuwa dhaifu tena. Lakini Mfilipino hakuuza kasumba, naye alitawaliwa na Wahispania, Wamarekani na Wajapani kwa zamu. Mvietnam alitawaliwa na Mfaransa. Kisasi kinawaangukia wengine waliofedheheshwa vilevile.

Kuhusu mtego wa madeni, ile hoja kwamba China inakopesha makusudi ili mdogo akishindwa kulipa imnyang'anye mali, nitapita haraka maana naona umetiwa chumvi. Kila mtu anataja Hambantota ya Sri Lanka, bandari iliyokodishwa miaka 99 mwaka 2017 kwa dola bilioni 1.12, lakini Sri Lanka ilipofilisika 2022 wadai wakubwa walikuwa masoko ya hati fungani, wawekezaji wa Magharibi wakiwemo, fungu la China lilikuwa dogo kuliko lao. Na ile pesa ya kukodisha haikufuta mkopo, ilienda kujaza akiba ya fedha za kigeni. Kinachonikera kwenye mikopo ya Wachina ni usiri wa mikataba, raia hajui serikali yake imeweka nini rehani. Hilo wa kulaumiwa ni wawili, mkopeshaji na aliyesaini gizani.

TAIWAN, NA HAPA NDO ROHO YANGU ILIPO

Mnaouliza tishio kwa DUNIA, siyo kwa jirani, jibu langu ni Taiwan.

Watu milioni 23, wana serikali yao tangu Chiang Kai-shek, aliyeshindwa vita na Wakomunisti wa China bara, akimbilie huko 1949, walipitia sheria ya kijeshi mpaka 1987, na 1996 wakamchagua rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza huku China inarusha makombora baharini kuwatisha na Marekani ikileta makundi mawili ya meli za kubeba ndege. Tangu wakati huo wanachagua, wanabadilisha vyama, wanaishi. Beijing inasema ni jimbo lake, sheria yake ya 2005 inaruhusu kutumia nguvu wakijitangaza huru. Umoja wa Mataifa ulimpa Beijing kiti kwa azimio namba 2758 la Oktoba 1971, kura 76 kwa 35, nchi nyingi za Afrika zikiunga mkono, na ilikuwa haki, huwezi kuwaacha nje watu wengi kiasi kile. Lakini azimio lile linaongelea kiti, kuhusu kupeleka jeshi kwa watu milioni 23 wasiotaka halina hata neno.

Sasa huko ndo kunatengenezwa chipu. Zile za kisasa kabisa, karibu asilimia 90 zinatoka kisiwa hicho, nyingi kwa kampuni moja, TSMC, na mashine za kuzichora zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Simu yako, kompyuta za hospitali, magari, mifumo yote hii ya akili mnemba, vyote vinapita kwenye mlango mmoja. Bloomberg Economics mwanzoni mwa 2024 walikadiria vita ya Taiwan ingeigharimu dunia kama dola trilioni 10, karibu sehemu ya kumi ya uchumi wote wa dunia, zaidi ya korona na zaidi ya Ukraine. Hakuna nchi isiyoguswa hapo, uwe shabiki wa Beijing au wa Washington.

Je, Xi atavamia? Mkuu wa CIA wakati ule, William Burns, alisema Xi ameliagiza jeshi liwe tayari ifikapo 2027. Kuwa tayari siyo kuamua. Mlango wa bahari una kilomita kama 130 pale pembamba, kuvusha jeshi kwa meli juu ya maji yale ni jambo gumu kuliko yote ambayo jeshi lolote limejaribu tangu kutua Normandy 1944, na jeshi la China halijapigana vita kubwa tangu 1979. Mafuta anaagiza zaidi ya asilimia 70 ya anayotumia na mengi yanapita mlango wa bahari wa Malacca, akibanwa pale anaumia. Idadi ya watu wake inapungua tangu 2022, soko la nyumba limeporomoka, kampuni kubwa ya nyumba ya Evergrande ikaanguka na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300. Kuna wanaosema hayo yatamtuliza na kuna wanaosema ndo yatamfanya aharakishe kabla nguvu hazijapungua. Mimi nipo na wa kwanza, kwa sababu chama kile kinapenda kubaki madarakani kuliko kitu chochote na kushindwa Taiwan kungekiondoa.

Kwa hiyo hofu yangu kubwa siyo uamuzi, ni ajali. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya kijasusi ya Marekani iligongana na ya kivita ya China karibu na Hainan, rubani Mchina Wang Wei akafa, Wamarekani 24 wakashikiliwa siku 11. Wakaongea, yakaisha. China ile ilikuwa inahitaji kuingia shirika la biashara la dunia, ikaingia Desemba mwaka huo huo. Leo haihitaji ruhusa ya mtu. Agosti 2022 Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati ule, alipotua Taipei, mji mkuu wa Taiwan, Beijing ilirusha makombora kuzunguka kisiwa na ikakata mawasiliano ya kijeshi na Washington. Februari 2023 lile puto la China lililopita juu ya Marekani lilipotunguliwa, waziri wa ulinzi wa Marekani akaomba simu na mwenzake wa Beijing, ikakataliwa. Mazungumzo yalirudi Novemba 2023 Xi alipokutana na Biden California, zaidi ya mwaka mzima mataifa mawili yenye nyuklia yanapishanisha ndege na meli mita chache kutoka zilipo za mwenzake na makamanda wao hawapigiani simu.

Mdau wa mwisho kauliza mdogo afanye nini basi, achague upande? Hapana. Angalieni Vietnam, inauza Marekani, inanunua China, kwenye miamba yake haibanduki na inapokea marais wa pande zote ndani ya mwaka mmoja, 2023 alikuja Biden Septemba na Xi Desemba. Japani baada ya 2010 ilikaa chini ikaikopesha pesa kampuni ya madini ya Australia, Lynas, usafishaji ukafanyika Malaysia, na utegemezi wake kwa China ukashuka. Ilichukua miaka na ilikuwa gharama. Hizo ndo njia ninazoziona, muuzaji wa pili hata kama ni ghali kidogo, mikataba iwekwe wazi, na pale The Hague inaposema jambo tuliseme kwa sauti ileile, awe kashtakiwa Washington au Beijing. Baadhi yenu mnapiga kelele za Nicaragua na mnanyamaza za Ufilipino, na wengine kinyume chake, na hao wote wawili nawaomba waje na hoja hapa chini, nitajibu mmoja mmoja.